Kizamacho kwa Hiari

Faili limefika mezani kwangu, Nyaraka, Kilimani,
limefungwa uzi wa katani, linanuka uvundo wa masika.
Kazi yangu ni karatasi: kufuta vumbi kwa brashi,
kuziba matundu ya wadudu kwa gundi ya unga wa ngano
niipikayo mwenyewe asubuhi, nyepesi kama uji wa mgonjwa.
Sikuajiriwa kusoma. Lakini mkono husoma.

Ni mchoro wa nyambizi. Ya Waingereza, ya mwanzo mwanzo,
imepasuliwa ubavu kama ng'onda.
Jina lake lilikuwa herufi moja na nambari.
Herufi imesalia. Nambari imeliwa.

Alikuja nayo Bwana Hollis, mkuu wa gati,
sandukuni, chini ya soksi za sufi.
Aliwahi kukaa ndani yake miaka miwili
kabla ya kuletwa huku kuhesabu magunia ya karafuu.
Hayo yamo kwenye barua. Yasiyomo
ni kwa nini alimpa Machano bin Shaame,
seremala wa karakana ya Malindi, aunakili upya,
wala nani alimruhusu Machano kuandika pembeni,
kwa penseli, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu.

Nachukua lenzi. Naanzia kulia.

Penye matangi: *Matumbo. Hunywa ikazama, hutapika ikaelea.*
Penye betri: *Umeme wa akiba. Ukikutana na maji ya chumvi, hutoka sumu.*
Penye mashine: *Hii hula petroli, tena juu ya maji tu,
kwani nayo huvuta pumzi, na pumzi ya chini ni ya watu.*
Penye kioo: *Jicho refu. Mmoja huona, kumi huamini.*
Penye choo hapana kitu.
*Nimeuliza. Bwana amecheka.*

Na karibu na mashine, kijisanduku
ambacho mchoraji wa kwanza hakukichora.
Machano amekichora. Kina vyuma sita, vyembamba kama nywele.
*Panya weupe watatu. Mvuke wa petroli huwalevya kabla ya watu.
Wakilala, mfuniko wa juu ufunguliwe.
Bwana asema walikuwa na majina. Majina hakunambia.*

Umeme umekatika. Feni inazunguka kwa mazoea, kisha basi.
Bi Raya anahangaika na madirisha yaliyopakwa rangi yakagandana.
Mie nimeinamia karatasi, jasho nalizuia kwa kanga lisidondoke,
nahesabu: watu kumi na mmoja, panya watatu.

Nyuma ya mchoro, utumishi wake wote, mistari minne.
Iliteremshwa majini.
Iligongwa na meli ya abiria, ikazama na waliomo.
Iliibuliwa, ikaoshwa, ikapakwa rangi, ikapewa wengine kumi na mmoja.
Iliuzwa, chuma chakavu.

Hollis alikuwa katika kumi na mmoja wa pili.

Sijui alimwambiaje Machano, wala kwa lugha gani.
Najua chini ya mstari wa tatu penseli imekandamizwa
mpaka imeacha mfereji kwenye karatasi:

*Chombo changu hukichonga, kikae juu ya maji,
Na hiki wamekitunga, kizame kwa mahitaji,
Kilizama wakaunga, wakatia waendaji,
Roho ya panya ni kinga, kwa roho ya mzamaji.*

Kanuni yetu: tundu huzibwa, kilichokuwemo hakibuniwi.
Basi nambari nimeiacha nyeupe.
Kwenye kadi, penye "mchoraji", nimeandika: Machano bin Shaame, seremala.
Bi Raya amefuta, kaandika Hollis.
Alipokwenda kusali adhuhuri nimefuta, nimerudisha.
Humu wino ni marufuku, sote tunatumia penseli;
hatujui nani atafuta wa mwisho.

Umeme umerudi saa tisa.
Dirisha moja lilikuwa limekubali kufunguka.
Sikulifunga.